Moto Chini, Moto Juu: Vyombo vya Kuokea Vinavyodumu Kakamega

Miongozo mingi ya kununua vyombo vya kuokea huandikwa kwa ajili ya mtu mwenye oveni. Humwambia aweke nyuzi 180, aingize trei katikati, asubiri kengele ilie. Kakamega mtu huyo yupo, lakini hayuko peke yake, wala si miongoni mwa walio wengi. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya nyumba za Kenya hupikia kuni na asilimia 23.9 gesi; katika vijiji vya magharibi, kutoka Shinyalu hadi Butere, kuni zimetawala kupita hata wastani huo. Na keki zinaokwa vilevile. Zinaokwa za harusi, za ubatizo, za kuhitimu Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na zile za kunadiwa kwenye harambee ya kanisa, ambapo kipande kimoja hununuliwa mara tano na hakuna anayekila. Zinaokwa ndani ya sufuria iliyotiwa mchanga au chumvi, makaa chini, makaa juu ya kifuniko.

Kwa hiyo huwezi kusema tini gani hudumu kabla ya kuuliza itakaa juu ya moto gani, itasuguliwa kwa nini, na itawekwa wapi wakati wa mvua. Jibu langu nalitoa mapema, ili mwenye haraka aende zake sokoni: alumini tupu, nene, isiyopakwa kitu, yenye ukingo uliokunjwa. Mengine yote ni ya hali maalumu. Ila anayejua sababu hadanganywi na mng'ao wala kibandiko, na sababu zenyewe si chache.

Tuanze na moto. Kuoka kwa makaa ya juu na chini hakukuzuliwa jana na mtu aliyekosa oveni. Pwani, mkate wa mayai na mkate wa sinia vimeokwa hivyo kwa vizazi: chombo hupaliwa makaa, kifuniko nacho hubebeshwa yake, na mpishi hujua kwa harufu wakati wa kupunguza ya chini na kuongeza ya juu. Ni ufundi kamili, wenye kanuni zake. Tofauti kubwa kati yake na oveni ni jinsi joto linavyosafiri. Ndani ya oveni, hewa ya moto huzunguka chombo na kukipasha taratibu pande zote. Kwenye jiko, joto huja kwa kugusa na kwa mnururisho wa makaa, na huja kwa ukali. Makaa yaliyokolea hupita nyuzi 700 za Selsiasi, na alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, huku nguvu zake zikiwa zimeisha kitambo kabla ya hapo. Ndiyo maana sufuria nyembamba iliyosahaulika jikoni bila maji hutoboka.

Kinachoiokoa tini ya keki ni mchanga. Tabaka la mchanga mkavu lenye kina cha vidole viwili hupokea moto wa makaa, huusambaza, na huuachilia polepole. Chumvi hufanya kazi hiyohiyo, tena ni safi zaidi, japo mvuke ukiingia hushikana na kula chuma. Juu ya mchanga huo, tini huishi maisha yanayokaribia yale ya ndani ya oveni. Sufuria ya nje ndiyo inayoteseka. Hapa pana jambo ambalo waokaji wazoefu hulifanya bila hata kulitaja: hununua tini nzuri na kuiweka ndani ya sufuria ya kafara. Sufuria hiyo huwa nzito, kuukuu, mara nyingi ya aina inayopikiwa shuleni au hotelini, na haipiki ugali tena. Kuiokea keki leo na kuichemshia maziwa kesho ni kuzichosha kazi zote mbili, kwa sababu kitako kilichokwisha kupinda kwa moto mkavu hakikai tena sawasawa juu ya jiko, na kila kipikwacho humo huungua upande mmoja.

Ukubwa nao una neno. Kati ya ukuta wa tini na ukuta wa sufuria pawe na nafasi ya vidole viwili kuzunguka pande zote, la sivyo mbavu za keki huungua huku katikati ikiwa bado mbichi. Juu pawe na nafasi ya keki kuumuka bila kugusa kifuniko, maana kifuniko chenye makaa ni moto wa pili. Mtu akienda dukani kununua tini na abebe kipimo cha sufuria yake, hata kama ni uzi tu aliouzungusha na kuufunga fundo.

Wapo wa katikati, wasio wa makaa wala wa oveni: wanafunzi wa vyumba vya kupanga Lurambi na Kefinco, na vijana wengi wa mjini, wenye mtungi wa kilo 6 na meko. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 iliyowekewa gesi ya kupikia Julai 2021 ilipunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata na ikaondolewa 2023. Katika miaka hiyohiyo marufuku ya ukataji miti katika misitu ya serikali, iliyoanza Februari 2018 na kuondolewa Julai 2023, iliwapa wauza makaa sababu ya kupandisha bei. Meko imekuwa jiko la kuokea kwa wengi. Tatizo lake ni kwamba moto wake ni duara dogo chini ya kitako na hauna mwenzake juu. Tini pana haifai hapo. Ya inchi 6 au 7, ya alumini nene, ndiyo inayoweza kuuchukua moto wa katikati na kuufikisha pembeni. Keki ya meko hubaki nyeupe juu. Wapishi huifunika kwa krimu, na mgeni hajui.

Sasa metali. Alumini hupitisha joto mara 15 hivi kuliko chuma cha pua, na mara 4 au 5 kuliko chuma cha kawaida. Kwenye moto usio sawa, na moto wa makaa hauko sawa kamwe, tofauti hiyo huonekana kwenye kitako cha keki: alumini nene huyapoza mahali makaa yalipozidi na kuyasaidia mahali yalipopungua, ilhali chuma cha pua huiachia keki alama ya kila kaa. Chuma cha pua kina sifa yake kuu, hakishiki kutu na hakijali ndimu wala maziwa lala, na kwa bakuli la kuchanganyia sina cha kupendekeza zaidi ya hicho. Kwa kuokea juu ya makaa, nakiacha dukani. Chuma cha kusubu ni kizuri sana kwa joto, kizito sana kwa mfuko na kwa mkono. Vyombo vya enameli hufaa mpaka siku vinapodondoka. Palipobanduka hushika kutu na banduko hilo huendelea kukua.

Kuna na udongo. Kando ya barabara ya Kisumu kuja Kakamega, pale Ilesi, wafinyanzi hupanga vyungu vyao vya kila ukubwa. Sijaona haja ya kumwaga mchanganyiko wa keki ndani ya chungu, kwa kuwa udongo hupata moto polepole na hukataa kuuacha, na keki huendelea kuiva ukishaiepua. Ila chungu kipana chenye mdomo mkubwa, kikiwekwa mchanga na tini ya alumini ndani yake, ni oveni tulivu kuliko sufuria yoyote. Kitapasuka siku moja, na utarudi Ilesi.

Ukishakubali alumini, shughuli inayobaki ni unene, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Mtu aliyewahi kuezeka nyumba anajua geji. Anajua kwamba bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na kwamba namba ikipanda unene unashuka. Mtu huyohuyo akiingia duka la vyombo hununua trei kwa macho. Geji 30 aliyoezekea ina unene wa takriban milimita 0.3. Trei ya kudumu ya alumini inataka geji 20, karibu milimita 0.9, au geji 18 yenye milimita 1.2. Si suala la kujivuna kwa uzito. Unene wa bati ukiongezeka mara mbili, ukaidi wake dhidi ya kupinda huongezeka takriban mara nane, na trei inayopinda ndani ya oveni, ule mshtuko wa ghafla unaosikika kama mlango uliobamizwa, humwaga mchanganyiko upande mmoja na haitarudi tena kuwa bapa.

Madukani geji haiandikwi, basi tumia mzani. Trei ya alumini ya sentimita 30 kwa 40, yenye kuta za sentimita 5, ina uzito wa karibu nusu kilo ikiwa na unene wa milimita 1, na karibu robo kilo tu ikiwa na nusu ya unene huo. Shika pakiti ya sukari ya nusu kilo mkono mmoja na trei mkono mwingine. Tofauti ikiwa kubwa mno, rudisha trei rafuni. Kipimo hiki hakifai kwa trei za chuma, kwa kuwa chuma ni kizito karibu mara tatu kuliko alumini na chembamba chake huweza kukudanganya. Kisha shika pembe mbili zinazokabiliana na ujaribu kuipotosha kidogo. Ikikubali mkononi, itakubali zaidi motoni. Tazama ukingo. Ukingo mzuri umekunjwa kwa nje, na ulio bora kabisa umekunjwa juu ya waya. Huo ndio unaoifanya trei isimame imara, na pia hukulinda vidole. Pembe zilizobonyezwa kutoka bati moja ni rahisi kusafisha. Zilizokunjwa kama bahasha ni imara zaidi, ila hubeba makombo na maji.

Maji, Kakamega, ni habari ndefu. Mji uko mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, kando ya msitu wa mvua, na hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Alasiri nyingi zina ngurumo zake. Hewa ya jikoni haikauki, hasa jikoni kwenye ukuta wa udongo au mabati, na ndani ya kabati la mbao chombo kilichowekwa na unyevu jioni huamka na unyevu huohuo. Chuma chepesi chenye rangi nyeusi ya kiwandani, kile kinachouzwa seti tatu ndani ya boksi lenye picha ya keki ya chokoleti, hakikuundiwa hali hii. Rangi yake hutoka kwanza pembeni na kwenye mishono, kutu ikaingia chini ya rangi iliyobaki, na baada ya misimu michache ya mvua seti nzima inabaki moja, ile ambayo haikutumika. Tini za kufungua ubavuni kwa kibano zina udhaifu wa ziada: kibano hushika kutu, springi yake hulegea, na mchanganyiko mwepesi huvuja kwenye mchanga na kuungua. Harufu yake huingia kwenye keki. Anayeoka kwa makaa hana haja nazo.

Alumini haina kutu ya namna hiyo. Inajivika yenyewe utando mwembamba wa oksaidi unaoilinda, na utando huo ukikwaruzwa hujirudisha. Hata hivyo una adui wawili, asidi na magadi, na kati ya hao wawili wa pili ndiye anayeishi nasi. Katika nyumba nyingi za magharibi, sufuria ni ushahidi wa tabia ya mwenye nyumba. Mgeni akiingia jikoni akazikuta rafuni zikimeremeta, hana swali la pili. Mng'ao huo hutafutwa kwa majivu, mchanga na nyuzi za chuma, kila siku, kwa nguvu za mabinti. Majivu ni magadi. Ndiyo hayohayo yanayochujwa kupata musherekha wa kulainishia mboga za kienyeji. Magadi huyeyusha ule utando wa oksaidi, mchanga na nyuzi za chuma hukwangua alumini laini iliyo chini yake, na kesho kazi inaanza upya juu ya chombo kilichopungua kidogo. Maji meusi yanayotiririka wakati wa kusugua si masizi peke yake. Ni chombo chenyewe kinachoondoka.

Kwa sufuria ya ugali hasara ni ya unene tu. Kwa tini ya keki ni ya unene na ya keki. Uso wa alumini uliong'arishwa hurudisha sehemu kubwa ya joto la mnururisho, na uliofifia au kuwa wa kahawia hulipokea. Ndiyo maana tini mpya inayometameta hutoa keki yenye mbavu nyeupe, na tini ileile baada ya matumizi mengi hutoa keki yenye rangi nzuri kwa muda mfupi zaidi. Mafuta yaliyokaukia upande wa nje na kuwa ya dhahabu, kisha kahawia, ni sehemu ya chombo. Yaachwe. Ndani, loweka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua kwa sponji laini, na palipong'ang'ania sukari iliyoungua, hasa kwa wanaookea sukari nguru, chemshia maji humohumo kidogo badala ya kukwangua kwa kisu. Halafu weka tini juu ya jiko linalozimika mpaka ikauke kabisa. Sufuria ya nje, ile ya kafara, ipakwe tope la udongo kwa nje kabla ya kuwekwa kwenye kuni, kama bibi zetu walivyofanya, na masizi yatatoka na tope kwa maji tu.

Najua ushauri huu ni mgumu kuufuata mbele ya mama mkwe. Lakini Kakamega ni mji uliofurika watafuta dhahabu baada ya ugunduzi wa mwaka 1931, na wengi wao waliondoka mikono mitupu, kwa hiyo somo la vitu vinavyong'aa halipaswi kuwa geni hapa.

Tuje kwa fundi wa jua kali, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kukutengenezea trei ya kipimo chako, na hata oveni ya debe kubwa la mabati yenye rafu mbili ukitaka. Faida yake ni kubwa: unachagua unene, unachagua urefu, na ikilegea anairudisha nyundoni mbele yako. Lakini maswali matatu yaulizwe kabla ya amana kutoka mfukoni.

La kwanza ni bati lenyewe. Bati la kuezekea limepakwa zinki, na zinki si ya chakula. Keki ya ndimu, mkate wa ndizi mbivu au wa maziwa lala ina asidi ya kutosha kuiyeyusha kidogo, na zinki ikizidi huleta kichefuchefu na kutapika. Kwa mwili wa nje wa oveni bati hilo linafaa; kwa trei inayogusa unga, halifai. Mwambie fundi alumini, tena mpya, ya karatasi. La pili ni geji. «Fundi, hii ni geji ngapi?» Akijibu, «Mama, hii ni ngumu, haiwezi kupinda,» bado hajajibu. Subiri namba. La tatu ndilo linalosahaulika kabisa: mishono imeungwaje? Risasi ya kulehemu mifereji ya maji ni mchanganyiko wa stani na risasi, na wa aina ya kawaida huanza kuyeyuka karibu nyuzi 183, ambalo ni joto la keki ya kila siku. Mshono huo utafunguka ndani ya oveni, na kabla haujafunguka utakuwa umeacha risasi kwenye chakula. Trei ya kuokea huungwa kwa mkunjo au kwa ribiti za alumini. Fundi mzuri anajua kukunja, na hataudhika ukimwambia.

Kuna na vyombo vya kumimina, vile vizito visivyo laini, vinavyoyeyushwa kutoka kwa metali chakavu na kumwagwa kwenye kalibu ya mchanga. Unene wake unavutia na bei yake pia. Humo huyeyushwa injini za pikipiki, vipande vya redieta, nyaya, na kila kilichopatikana. Mwaka 2017 mtafiti Jeffrey Weidenhamer na wenzake walichapisha uchunguzi wa vyombo 42 vya alumini kutoka nchi kumi zinazoendelea, Kenya na Tanzania zikiwemo. Zaidi ya thuluthi yake vilitoa risasi kwa kiasi cha kutia wasiwasi vilipochemshiwa kimiminika chenye asidi. Kuchemsha si kuoka, na karatasi ya kuokea hupunguza mgusano. Hata hivyo risasi haina kiwango salama kwa mtoto, na alumini ya karatasi ya kiwandani inapatikana. Kenya imekuwa na viwanda vyake vya alumini tangu zamani, Kaluworks ya Mombasa ikiwa imeanza mwaka 1929, na sufuria ya karatasi hiyo iliyobeba nembo ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ni rahisi kuipata. Chombo cha kumimina kifanye kazi ya sufuria ya nje, na kibaki hapo.

Vyombo visivyoshika, vile vyeusi na laini ndani, vimepakwa PTFE, kitu alichokigundua kwa bahati Roy Plunkett, mkemia wa DuPont, mwaka 1938. Ndani ya oveni yenye kipimo, kwa nyuzi 180, hakina ubaya. Kikipita nyuzi 260 huanza kuharibika, na jiko la makaa halina wa kukuambia umefika ngapi. PFOA, kemikali iliyotumika zamani kukitengenezea, iliwekwa mwaka 2019 kwenye orodha ya vitu vya kukomeshwa vya Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya imo; chombo kipya cha kampuni inayoeleweka hakitakuwa nayo, kuukuu cha mtumba huenda kinayo. Hoja kubwa zaidi ni ya uhai wake: kisu kimoja, uma mmoja, nyuzi za chuma mara moja, na rangi imeanza kutoka. Siagi na unga uliopukutwa kwenye alumini hufanya kazi hiyohiyo kwa shilingi chache, na karatasi ya kuokea iliyokatwa duara chini humaliza hofu iliyobaki. Kioo nacho kipendwe mezani. Pyrex ilipoingia sokoni Marekani mwaka 1915 ilikuwa ya borosilikati inayovumilia joto la ghafla. Baadhi ya vyombo vinavyouzwa leo kwa jina hilo ni vya kioo cha kawaida kilichoimarishwa, na kikitoka motoni kikatua juu ya saruji yenye maji hupasuka. Silikoni sina la kuisemea zaidi ya kwamba juu ya makaa huungua.

Wenye oveni hawajasamehewa kila kitu. Koka nyingi zinazouzwa hapa ni za sentimita 50 kwa 50 au 60 kwa 60, na vipimo hivyo ni vya nje. Nafasi ya ndani ni ndogo kuliko hapo, na inatofautiana kati ya kampuni na kampuni. Pima rafu yenyewe, kisha ondoa sentimita 3 kila upande ili hewa ipite. Trei inayojaza oveni ukuta hadi ukuta hufunga moto chini, na kwini-keki za mstari wa juu hubaki zikisubiri. Trei mbili ndogo hushinda moja kubwa, na stima ikikatika katikati ya kazi, ndogo huhamia kwenye sufuria ya mchanga na kumalizia huko. Kubwa haina pa kwenda.

Mwinuko pia hubadilisha tini. Kakamega maji huchemka kwa takriban nyuzi 95, si 100, na hewa iliyo nyepesi huiacha keki iumuke haraka na kwa wingi kabla haijashika. Kichocheo kilichoandikwa Mombasa, kikifuatwa neno kwa neno hapa, hufurika na kuanguka katikati. Punguza poda ya kuumulia kidogo, jaza tini nusu badala ya thuluthi mbili, na ununue yenye kuta za inchi 3. Tini fupi za inchi moja na nusu zitakulazimisha kuoka mara mbili kila keki, na makaa yakaliwa mara mbili.

Anayeokea biashara ana hesabu nyingine, kwa kuwa keki Kenya huagizwa kwa kilo. Waokaji wengi huiokea ya kilo moja kwenye tini ya duara ya inchi 8. Ya kilo mbili, watu hukimbilia inchi 10 wakidhani inatosha. Eneo la duara la inchi 10 ni mara 1.56 tu ya lile la inchi 8, si mara mbili, na ziada hiyo ama hupandisha kina cha keki mpaka isiive katikati, ama humwagika. Inchi 6, kwa upande mwingine, ni asilimia 56 ya inchi 8, ambayo kwa nusu kilo ni sawa kabisa. Kwa hiyo tini mbili za inchi 8 na moja ya inchi 6 humaliza oda nyingi za mtaani: nusu, moja, na mbili kwa kupandanisha, na ya ghorofa kwa kuweka ndogo juu.

Bei nayo ihesabiwe kwa keki, isihesabiwe kwa tini. Tuseme tini nyepesi ni shilingi 400 na hupinda baada ya keki 80. Kila keki imekula shilingi 5 ya chombo. Tuseme nzito ni shilingi 1,200 na inaoka keki 1,000 bila kulalamika, basi kila keki imekula shilingi 1 na senti 20. Hata ikikosea nusu, nzito bado inaongoza. Lakini shilingi 1,200 kwa mpigo mmoja ni fedha, na mtu asiye nazo hana haja ya kukopa. Aanze na tini moja ya inchi 8 nzito, ndani ya sufuria kuukuu aliyo nayo. Trei bapa ya kwini-keki na skonzi ifuate faida ya kwanza ikiingia, tena kwa fundi, kwa kipimo cha jiko lake. Inchi 6 ije baada ya hapo. Na zile za moyo, za nyota na za tarakimu ambazo wateja huzitaka mara moja kwa mwaka, zisinunuliwe mpaka mteja atume amana kwa M-Pesa.